Gongo Lililovuliwa Kiatu

Mama hana kazi na picha. Watu walipokuja kutupa pole walikuwa wanachomoa simu zao, "Mama Siska, ninayo picha ya marehemu, tulipiga siku ya kipaimara cha mwanangu," halafu wanakumbuka, wanairudisha simu mfukoni na kuanza kukohoa. Mama haoni. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, baadaye na la pili, na mwaka ule Baba anafariki alikuwa ameshazoea kumjua kila mtu kwa sauti na kwa kishindo cha miguu yake. Kwa hiyo tulipotoka kumzika Baba kule Pito, ndugu wakaanza kugawana nguo zake, Mama alisema hataki shati wala koti. Alitaka sauti.

"Hakuna mtu mwenye sauti ya Rafaeli?" aliwauliza watu waliokaa mkekani. "Hata akiwa anamgombeza mtu?"

Hakuwepo. Mimi Fransiska, binti yake, niliyeweka cherehani yangu kwenye baraza moja naye kila siku ya Mungu, nami sikuwa nayo. Unamrekodi vipi mtu ambaye ukinyoosha mkono unamgusa? Ujumbe wa sauti anatumiwa mtu wa mbali. Baba mwenyewe alikuwa na kisimu cha tochi, na alikipenda zaidi kwa ile tochi.

"Ila kuna sinema, Mama," nilisema. "Kwenye sinema anaongea."

Ndugu waliokuwa wanavutana kanzu wakaiachia. Mama akageuza uso upande wangu. Tangu tumshushe Baba kaburini ilikuwa mara ya kwanza anageuka kwa nguvu namna ile.

"Kweli," alisema. "Lile neno lake la sanduku."

Baba alikuwa fundi viatu hapa Izia, Sumbawanga mjini, na alikuwa na mguu mmoja. Wa pili ulikatwa baada ya fuso kupinduka kwenye mteremko wa kwenda ziwani, enzi mimi nasoma darasa la tatu. Watu walimtania kwamba anashona pea na kuvaa kimoja, na yeye alijibu kwamba ndiyo maana viatu vyake vinadumu mara mbili. Alitembelea gongo moja la mninga alilolichonga mwenyewe. Mnajua utani wake, maana kuna gongo la kutembelea na gongo la kunywa, lile la magendo: alijisifu kuwa ndiye mtu pekee mkoa mzima anayepita na gongo mbele ya polisi mchana kweupe na polisi wanampisha. Chini ya gongo lile alikuwa anapigilia soli ya mpira wa tairi, anaikata kwa kisu chake, anaibadilisha ikiisha kama anavyobadilisha ya kiatu cha mteja. Alikuwa anasema gongo likitembea peku linapiga kelele za kijinga.

Watu wa sinema walikuja kutoka Dar. Walikuwa wanatengeneza filamu kutokana na hadithi ya zamani ya maharamia, ile aina ya kitabu ambacho ukikipata unasoma mpaka ugali unaungua: ramani, kisiwa, sanduku la dhahabu, watu wabaya wenye mapanga. Walikuwa wameihamishia Ziwa Tanganyika, wakakodi maboti Kabwe, wakayapaka rangi nyeusi na kuyashonea matanga. Mwongozaji wao aliitwa Limbu, kijana mpole mwenye ndevu chache. Wote walikuwa na adabu ya kupita kiasi, maana kabla ya kuondoka Dar walikuwa wameonywa kwamba Sumbawanga ukimkwaza mtu unatumiwa radi. Walikuwa wanatupa shikamoo hata sisi tuliolingana nao umri. Nakiri ile hofu yao niliifurahia.

Limbu alikuja barazani na kiatu mkononi, akabaki amekishika tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kimefumuka wapi?"

"Siyo kiatu, mzee. Nimekuja kwa ajili ya mguu."

Baba akamtazama. "Miguu sishoni."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Limbu akaeleza kwamba kwenye hadithi kuna haramia mzee aliyepoteza mguu, kazi yake kulinda sanduku, na kwamba walikuwa wamepanga kumfunga mwigizaji mguu kwa nyuma, lakini anaonekana kama mtu aliyekalia mguu wake. Baba akauliza kama huyo haramia anakufa. Limbu akasema ndiyo, mwishoni. Baba akauliza kama kabla ya kufa anaongea.

"Anaongea, mzee. Ana neno zito kuliko wote."

"Basi nitakwenda," Baba akasema, na kiatu akakishona hivyohivyo, kwa bei ileile.

Kumbe hakuwahi kupanda boti maishani mwake. Mfipa wa huku juu anayajua mahindi na ulezi, maji mengi anayaangalia kwa mbali. Alitapika boti likiwa bado limefungwa ufukweni. Aliporudi alitusimulia yote, akiwa na hasira moja tu: walimvua gongo lake kiatu. Limbu alitaka kishindo cha mti mtupu kwenye mbao, maana haramia hawezi kuja kimyakimya. Kitu cha kwanza alichofanya nyumbani, kabla hata ya maji ya kuoga, kilikuwa kupigilia soli mpya.

Halafu akaanza kutusumbua na lile neno lake. Alilisema asubuhi akinywa uji, alilisema kwa wateja, alilisema kwa padri. "Anayetaka sanduku hili apite juu ya mguu wangu. Umebaki mmoja, hautamchosha." Alilisema kwa Kiswahili chake cha Kifipa, anapanda nalo taratibu, akifika "mmoja" anasimama kidogo kama mtu anayevuta pumzi mlimani, ndipo anashuka. Mama alikuwa anacheka palepale kila siku, kwenye kile kituo. Nilidhani nitalichoka neno lile mpaka nife.

Juni iliyofuata kifua kikamshika. Baridi ya Juni hapa hamhitaji kuelezwa. Siku moja akiwa kitandani aliniomba gongo, kisu na kopo la misumari, akakata soli nyingine, akaipigilia huku anakohoa, msumari mmoja mmoja, akipumzika kila baada ya nyundo mbili tatu. Nilimwambia aache, ile ya zamani ilikuwa bado nzima. Akasema, "Nikiamka sitaki kuanza kutafuta soli." Hakuamka. Gongo likabaki nyuma ya mlango wa chumba chao, na kiatu chake kipya.

Baada ya mazishi watu wa Dar walipiga simu. Walimtaka mzee aende kule, nauli wangetuma, kuna kazi ndogo ya kurudia sauti. Nikasema amefariki. Yule dada wa kwenye simu alisikitika vizuri tu, akasema watamwambia Limbu, akakata. Sikujua kurudia sauti ni nini, na kichwa changu wakati ule hakikuwa cha kuuliza.

Tukaingoja ile sinema mwaka mzima. Mama hakuizungumzia sana, lakini kila mgeni wa mjini akija aliuliza kama imeshatoka. Jirani yetu Atuganile, mama wa kutoka Mbeya anayeuza mchele, aliahidi kwamba siku hiyo atafunga duka. Ilipotangazwa kuwa Limbu anaileta mwenyewe, ionyeshwe Jumapili mchana kwenye ukumbi wa parokia, Mama alitoa kitenge chake cha Pasaka akanipa nikipige pasi. Alioga mapema, akakaa kitandani amevaa viatu, saa nzima kabla ya wakati.

"Nikimsikia nitalia," aliniambia njiani. "Usininyamazishe."

"Sikunyamazishi, Mama."

Ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na umeme ukawa na heshima, haukukatika. Limbu alikuja mpaka kwenye benchi letu, akapiga goti mbele ya Mama, akasema shikamoo mama, akasema mzee alikuwa mtu wa pekee. Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante kwa kunitunzia," akamwambia. Limbu akaitikia "ndiyo, mama" bila kujua anashukuriwa kwa kitu gani. Nikikumbuka hapo naona kama angeuliza tu, angetuokoa.

Filamu ikaanza. Mimi nilikuwa namnong'oneza Mama: sasa wako ziwani, sasa kijana amepata ramani, sasa wanapigana. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayehubiriwa mambo ya wengine. Halafu Baba akatokea. Amekaa juu ya sanduku, kitambaa kichwani, gongo mapajani, mzima, na ule mkunjo wa kati ya nyusi anaokunja akitunga uzi kwenye sindano. Ukumbi mzima ukalipuka. "Fundi Rafa! Fundi Rafa huyo!" Atuganile alisimama juu ya benchi. Mimi nililia palepale.

"Ni yeye?" Mama akauliza. "Siska, ni yeye?"

"Ni yeye, Mama. Sasa anaongea."

Watu wakanyamaza. Mdomo wa Baba ukafunguka, ikatoka sauti ya mtu mwingine.

"Anayetaka sanduku hili apite juu ya mguu wangu. Umebaki mmoja, hautamchosha."

Ilikuwa sauti nzuri, sibishi. Nene, ya mtu wa Dar, imenyooka kama imepigwa pasi. Hakusimama popote, alipita kwenye "mmoja" kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria. Watu wakapiga makofi, maana macho yao yalikuwa yanamwona Fundi Rafa na macho yakishiba masikio hayaulizi sana. Mama alikuwa bado amekaa vilevile, kichwa amekiinamisha, anangoja.

"Ataongea saa ngapi?" akanong'ona.

Nyuma yetu mtu akasema, "Mzee Rafaeli kaongea hapo, jamani, kaongea kama waziri." Mama akasikia. Nikaona uso wake unabadilika polepole, na sikuwahi kuuona hivyo hata msibani.

"Ndiye huyo aliyeongea?" akasema. "Siska. Kwa hiyo nimemsahau. Mwaka mmoja tu, nimeshamsahau mume wangu."

Kuna watu wangenyamaza pale, wamwache mama yao achukue sauti ya mgeni na kuiita ya baba. Mimi sina tabia hiyo.

"Hujasahau kitu," nilimwambia, na sikunong'ona. "Siyo yeye. Sura ni ya Baba, sauti wameweka ya mtu mwingine."

"Wameweka?"

"Wameitoa yake, Mama."

Watu wa mbele waligeuka. Mkono wa Mama ukalegea ndani ya wangu. Halafu akatoa pumzi. "Basi sijamsahau," akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele, yakilowanisha kitenge cha Pasaka. Sikumnyamazisha, kama nilivyoahidi.

Filamu iliendelea, sikuifuata tena. Ilipokaribia mwisho Baba akainuka kwenye sanduku, akaanza kutembea juu ya mbao za boti kuwaelekea adui zake. Ko. Ko. Ko. Mti mtupu kwenye mbao. Mama akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Hilo gongo lake," akasema. "Walilivua kiatu, alituambia. Siska, huyo ndiye. Huyo anakuja."

Alikaa wima kama mtu aliyeitwa jina, uso umeelekea kabisa pale mlio unapotoka. Alitabasamu. Gongo likaja, likaja, likasimama, ikapigwa bunduki, na Baba akafa kwa mara ya pili. Mama hakujali ile bunduki. Aliniambia nikamwombe Limbu kile kipande, kile cha kutembea tu, niwe nacho kwenye simu.

Nikatoka nje kumtafuta Limbu na maneno yangu nimeshayapanga. Mlangoni nikakutana na fundi wao wa sauti, aliyeitwa Stephano, amesimama anapongezwa. Nikamuuliza sauti ya baba yangu iko wapi.

"Pole sana, dada," akasema, na naamini alikuwa na pole ya kweli. "Upepo wa Kabwe ulikula kila kitu. Waigizaji wote waliitwa Dar kurudia maneno yao wakiwa studio. Mzee hakuwepo, tukatafuta mtu."

"Ile ya upepo ipo? Hata kama haisikiki vizuri. Mama yangu ataisikia."

"Tulifuta. Zinajaza sana nafasi." Aliona uso wangu, nadhani, akatafuta kitu cha kunifariji. "Lakini kila kitu tulikijenga upya kwa uangalifu. Ulisikia lile gongo? Lile nimelitengeneza mwenyewe. Mchi wa kinu cha shangazi yangu, nilikuwa nagongesha juu ya kreti za soda. Huwezi kujua."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa, nikajisugua nao shingo. Ningempiga kwa kosa gani? Alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Limbu akaja, akanitumia kile kipande bila kuuliza neno, akaomba radhi kwa jambo ambalo bado hakuwa amelielewa. Nikarudi ndani kwa Mama na simu mkononi. Ukweli wa kwanza nilikuwa nimempa. Wa pili ulinishinda.

Basi ikawa kila jioni, tukishaondoa vyombo, Mama ananiambia, "Niwekee." Naweka simu mezani. Ko. Ko. Ko. Anasikiliza amekunja mikono, na gongo likifika karibu kabisa anasema, "Karibu, Rafaeli." Halafu tunasali. Anaukaribisha mchi, mimi nimekaa pembeni najua kuwa ni mchi, naitikia amina. Niliendelea hivyo mpaka ikawa jioni ikikaribia natafuta kazi ya kunichelewesha barazani.

Ndipo nikapata wazo, na nililiona zuri. Gongo lenyewe si lipo nyuma ya mlango? Kama ni lazima Mama asikie mti kwenye mbao, basi angalau uwe mti wa Baba. Nitaligonga mwenyewe, nitarekodi, nitafuta ule mchi na kuweka hili, wala hatajua kwamba kuna siku alidanganywa. Alhamisi moja Atuganile alimshika Mama mkono wakaenda kwenye sala ya jumuiya. Nikatoa mbao za kitanda cha wageni, nikazipanga sakafuni. Nikachukua gongo. Soli ilikuwa ngumu kutoka. Ilibidi niingize bisibisi na kuipekecha, msumari mmoja mmoja, mpaka ikaachia.

Nikaweka simu chini, nikaliweka gongo kwapani, nikakunja mguu mmoja kama yule mwigizaji waliyetaka kumfunga mguu, nikajaribu kutembea. Lilikuwa fupi kwangu. Nilikuwa nayumba, kisha nashusha mguu bila kutaka, kisha naanza tena. Ko, ko, halafu mguu wangu, halafu ko. Nilikuwa natokwa jasho na kujilaani, sikusikia geti. Jumuiya ilikuwa imeahirishwa, mwenye nyumba kaenda shamba, na Atuganile alikuwa amemwacha Mama getini. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama mlangoni, peke yake, mkono kwenye fremu.

Niliogopa ataita jina la Baba.

"Weka chini, mwanangu," akasema kwa upole. "Huyo naye siye."

Nilisimama pale na gongo kwapani. Naye, alisema. Huyo naye.

"Mama. Kumbe ulijua?"

"Siku ile ukumbini sikujua. Nilijua hapa nyumbani, ulipokuwa unanirudishia. Yule wa kwenye simu anashuka sawasawa mno, kama anatwanga."

"Sasa mbona kila siku unamkaribisha?"

"Wewe ulikuwa unahangaika kuniwekea. Ningesema nini?"

Alinyoosha mkono, nikampa gongo. Alilipapasa kuanzia pale pa kwapani palipolainika, akashuka nalo taratibu, vidole vinaijua njia, mpaka akafika mwisho. Vidole vikasimama. Vikazunguka pale chini, vikagusa mti mtupu na vitundu vya misumari, vikazunguka tena.

"Kiatu chake kiko wapi?"

Soli ilikuwa sakafuni karibu na bisibisi. Niliiokota nikamwekea kiganjani. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akafuata ukingo alioukata Baba kitandani, ukingo uliopinda kidogo kwa sababu mkono ulikuwa unamtetemeka.

"Nilikuwa naishika kila asubuhi," Mama akasema. "Ukishatoka kwenda barazani. Nilikuwa naona kama bado anaipigilia."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kiti, akaniambia niirudishe. Nikaleta kopo la Baba, nikachagua misumari ileile myembamba, nikapiga magoti mbele yake, yeye ameshika gongo, mimi nimeshika soli na nyundo. Lakini nilikuwa nimeipekecha mno, na mashimo yalikuwa yamepanuka. Misumari iliingia kwa kidole tu, bila nyundo, na nilipoachia soli ikaanguka.